Pumu ya ngozi: namna ya kuishi nayo kila siku bila kuhama tyubu hadi tyubu

Nianze na kitu ambacho muuza dawa hana haraka ya kukwambia maana hakimuingizii hela: pumu ya ngozi, ile ambayo hospitali wanaandika ekzema, haina dawa ya kuimaliza kabisa, ina matunzo ya kuituliza, na ikitulia inaweza kukaa miezi hata miaka mpaka ukasahau. Watoto wengi wanavyokua inapungua, wengine inaisha, wengine kama mimi tunaingia nayo utu uzima. Kwa hiyo anayekuuzia kitu cha kung'oa mzizi we mwache aende na chupa yake.

Shida yetu iko hivi. Ile safu ya juu ya ngozi haishikilii maji vizuri, inakauka haraka, afu sabuni, vumbi na jasho vinapenya kirahisi, kinga ya mwili inaamka kupambana, ndo huo muwasho, unajikuna, ukijikuna ngozi inazidi kufunguka, vinapenya zaidi na unawashwa zaidi. Yote ninayoandika hapa ni namna ya kukata huo mduara, vitu vingi vinapatikana tu dukani kwa Mangi, na nitakaa sana kwenye mafuta na kwenye tyubu za dawa ya kupaka maana huko ndo watu wanakoumia.

Hatua ya 1: hakikisha ndo yenyewe

Sio kila muwasho ni pumu ya ngozi. Kama unawashwa zaidi usiku na nyumba nzima mnajikuna, vipele viko katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni na sehemu za siri, huo unaelekea kuwa upele, na upele mnatibiwa wote mnaoishi pamoja kwa wakati mmoja, ukimtibu mtoto peke yake unarudi. Kama ni duara lenye ukingo ulioinuka na katikati pako safi kidogo, fikiria fangasi. Pumu ya ngozi inapenda mikunjo, ndani ya kiwiko, nyuma ya goti, shingoni, vifundoni, na kwa watoto wachanga mashavuni. Na mara nyingi ukiulizia kwenye ukoo hukosi mwenye pumu ya kifua au yule anayepiga chafya mfululizo kila asubuhi.

Usijilinganishe sana na picha za intaneti, nyingi zinaonyesha ngozi nyeupe iliyogeuka nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, utaona zambarau, kijivu, kahawia iliyokolea, au vipele vidogovidogo vimesimama kwenye vinyweleo, ndo maana hata baadhi ya wahudumu wanaiona ndogo kuliko ilivyo. Pitisha kiganja: penye joto, panapokwaruza, palipovimba kidogo, hapo imeamka. Yale madoa meusi au meupe yanayobaki baada ya kupona yanaondoka yenyewe taratibu, yanaweza kuchukua miezi, usiyafukuze kwa mkorogo.

Nenda kliniki ya ngozi angalau mara moja upate jina la ugonjwa wako kwa uhakika. Sio lazima uje Muhimbili, pale KCMC Moshi kuna kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, kinafundisha madaktari bingwa na matabibu wa ngozi pia, na wanaomaliza pale wanafanya kazi mikoani, kwa hiyo ulizia kwanza hospitali ya rufaa ya mkoa wako.

Hatua ya 2: kuoga

Maji ya uvuguvugu, dakika 5 mpaka 10 inatosha. Najua Juni na Julai kule Mbeya, Njombe au Makete mtu anataka maji yanayotoa moshi, na kweli maji ya moto yanatuliza muwasho kwa muda ule unaoga, ila ukitoka tu ngozi imekauka na usiku hutalala.

Sabuni za kuua vijidudu zile zenye harufu ya hospitali achana nazo, na zenye manukato makali pia, na sabuni za magadi za kienyeji ni kali mno kwa ngozi hii hata kama bibi anazisifia. Tafuta ya kawaida isiyo na harufu, paka kwapani, sehemu za siri na miguuni, kwingine maji yanatosha, hujalima. Dodoki na jiwe waachie wengine. Taulo unaligandamiza tu kwenye mwili, husugui, na uache ngozi iwe na unyevu kidogo maana hatua inayofuata inautaka huo unyevu.

Hatua ya 3: mafuta, na hii ndo dawa yenyewe

Ukitoka kuoga una kama dakika 3 za kupaka kabla maji hayajakimbia, kwa hiyo kopo la mafuta liwe karibu na bafu, usianze kulitafuta chumbani huku unajibu meseji. Unapaka mara mbili kwa siku kwa uchache, asubuhi na usiku, na mikono kila baada ya kunawa. Na unapaka hata siku ngozi iko safi kabisa, hasa siku hizo, kwa sababu paa huzibi siku mvua inanyesha. Wengi wanapaka ikiwasha, ikitulia wanaacha, wiki 2 baadaye wako famasi wanalalamika dawa haifanyi kazi.

Mafuta gani? Kwa hela yetu mafuta ya mgando ya kawaida hayana mpinzani. Geuza kopo usome nyuma, kama kuna manukato, rangi, au maneno ya kung'arisha ngozi, rudisha. Na usidanganyike na picha ya mtoto mchanga kwenye kopo, mafuta mengi ya watoto yamejaa manukato. Losheni za maji maji ni nyepesi na nzuri kupaka ila zina maji mengi na mafuta kidogo, ngozi kavu sana inazimaliza ndani ya nusu saa. Kuna ile krimu nyeupe ya maji ambayo famasi nyingi wanakupa ukisema tu ngozi kavu, ya zamani ina kemikali ya kutoa povu ndani yake, kama unayo itumie kuogea badala ya sabuni afu suuza, usiiache mwilini.

Mgando Dar mwezi wa kwanza ni mateso, nakubali, unanata, jasho linashindwa kutoka, shati linaganda. Mimi mchana napaka krimu nyepesi isiyo na harufu, au glisirini iliyochanganywa na maji (usiipake kavu kavu, inachoma), usiku ndo mgando. Ukienda nyanda za juu baridi ikiwa kali unageuza, mgando mchana na usiku.

Kiasi sasa. Mtu mzima mwenye tatizo mwili mzima anahitaji gramu 250 mpaka 500 kwa wiki, soma tena, kwa wiki, yaani kale kakopo ka gramu 50 ambako unakaa nako mwezi ni sawa na hujapaka. Kama hela haitoshi anza na sehemu zinazosumbua, afu nunua kopo kubwa kuliko kununua vidogo vidogo, inatoka nafuu. Chota kwa kijiko kisafi, ukiingiza vidole vyenye majimaji ya vidonda unafuga vijidudu humo humo. Paka kwa kushuka chini kufuata vinyweleo vinavyolala, ukisugua kwenda juu na chini utatoka vipele vya vinyweleo. Na kitu watu hawasemi: shuka na nguo zilizolowa mafuta haya zinashika moto haraka sana, kwa hiyo kaa mbali na mshumaa, sigara na jiko la mkaa, na mtoto aliyepakwa asikae karibu na kibatari.

Mafuta ya nazi safi wengi yanatukubali. Ya zeituni, pamoja na heshima yote tunayoyapa, yanadhoofisha ile safu ya juu ya ngozi, yaache jikoni.

Hatua ya 4: tyubu

Hapa kuna makundi mawili, wanaoogopa steroidi (zile dawa za kutuliza uvimbe na muwasho) mpaka mtoto anajikuna damu, na wanaozipaka kama losheni miaka na miaka. Wote wanaumia.

Steroidi ya kupaka ni ya kuzima siku imewaka, mafuta hayawezi kuzima peke yake. Ziko za nguvu tofauti: haidrokotizoni ya asilimia 1 ni nyepesi, ndo inayofaa usoni na kwa watoto wadogo, betamethasoni na mometasoni ni kali, za mwili wa mtu mzima, sehemu ngozi imekuwa nene, klobetasoli ndo kali kuliko zote, hiyo usiiguse bila daktari, na usoni, kwapani na kwenye mapaja ya ndani usiipeleke kabisa. Daktari akikuandikia moja muulize maswali matatu tu, napaka wapi, kwa siku ngapi, na naachaje.

Kipimo kiko kwenye kidole chako. Kamua mstari kuanzia ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima mpaka kwenye mkunjo wa kwanza, hiyo ni kama nusu gramu, inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Ukipaka katone kwenye mguu mzima unapoteza muda. Mara moja kwa siku mara nyingi inatosha, endelea mpaka ngozi iwe laini ukipitisha kiganja, sio mpaka muwasho uishe tu, maana muwasho unatangulia kuisha na ukiacha hapo inarudi ndani ya siku chache ikiwa na hasira. Kawaida ni wiki 1 mpaka 2. Ikifika hapo haijatulia rudi hospitali, usiongeze ukali mwenyewe. Kati ya tyubu na mafuta acha kama nusu saa zisichanganyikane.

Wale ambao inarudi kila mara sehemu ileile, muulize daktari kuhusu kupaka siku 2 tu kwa wiki pale panaposumbua hata kama pametulia. Wengi hawajui hiyo njia na inaokoa sana. Na kwa usoni au kope ambako hutaki steroidi ya muda mrefu kuna mafuta ya takrolimasi, sio steroidi, hayachubui ngozi, mwanzoni yanachoma kidogo afu unazoea, ila bei yake ujipange.

Sasa zile tyubu za mchanganyiko, steroidi na dawa ya fangasi na antibayotiki humo humo, ambazo ukionyesha mkono tu dukani unapewa kabla hujamaliza sentensi. Zinafanya kazi siku 3 za kwanza, kila mtu anafurahi, maana ndani kuna steroidi kali. Kama ulikuwa na fangasi, steroidi inaificha inaendelea kusambaa chini kwa chini mpaka hata daktari anashindwa kuitambua. Kama ni pumu ya ngozi, umebeba dawa mbili usizozihitaji. Soma jina lililoandikwa kwa maandishi madogo, ukiona betamethasoni au klobetasoli jua umeshika nini. Hata mikorogo mingi ina klobetasoli humo, ndo maana ukiacha uso unawaka moto na kutoka vipele.

Sindano na vidonge vya steroidi vya kutuliza haraka vinakupa wiki nzuri sana, ukiacha inarudi mara nyingi vibaya kuliko mwanzo, visiwe ndo mpango wako. Piritoni, kile kidonge cha aleji, inakupa usingizi, ngozi haitibu, usimlaze mtoto nayo kila siku.

Hatua ya 5: nguo, kitanda, jasho

Pamba. Khanga ya pamba iliyofuliwa mara nyingi ikalainika ndo shuka bora duniani, bei unaijua. Sweta za shule zile za kuchoma, mvalishe mtoto fulana ya pamba ndani. Mtumba fua kabla ya kuvaa, na ukifua kwa sabuni ya unga suuza mara 2 mpaka maji yatoke safi, kama maji ni ya kununua na hayatoshi basi punguza sabuni, usipunguze maji. Zile za kunukisha nguo acha.

Jasho likikauka mwilini linawasha, kwa hiyo ukishuka kwenye daladala ya saa 11 jioni jimwagie maji kidogo bila sabuni, jifute, paka mafuta. Ukishindwa, kitambaa kibichi shingoni na kwenye viwiko kinasaidia.

Usiku ndo kazi. Kucha fupi, za mtoto pia, feni isipulize moja kwa moja mwilini, chandarua badala ya dawa ya mbu ya kuwasha maana moshi wake unakera ngozi na kifua. Mkono ukitaka kukuna, bonyeza au papasa kwa kiganja, au weka kitambaa cha baridi. Siku mtoto amewaka sana paka mafuta mengi, mvalishe fulana ya pamba iliyoloweshwa kwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, juu yake fulana kavu, alale. Ila sio kama kuna usaha, sio kwenye baridi kali, na kama chini umepaka steroidi kali muulize daktari kwanza.

Hatua ya 6: mikono na jikoni

Vitunguu, nyanya, ndimu, pilipili, kusafisha samaki, kuosha vyombo mara sita kwa siku, mikono ya mama wa nyumba haipumziki. Glavu za mpira pekee zinatoa jasho na zinazidisha, vaa za pamba ndani afu za mpira juu, na usikae nazo muda mrefu. Pete vua kabla ya kuosha, sabuni inajificha chini yake. Kama mnaishi wengi omba mgawane, we upike mwingine aoshe, wala sio uvivu.

Wanawake wa pwani na harusi: hina ya majani kwa wengi haina shida kubwa, ila piko jeusi ni kemikali ileile ya kupaka nywele rangi, inaweza kukutoa malengelenge kufuata ua lilivyochorwa, na ukishapata aleji yake ni ya maisha. Hereni za bei rahisi na kifungo cha suruali ya jinsi navyo vina madini yanayowasha wengi, ukiona kipande kinachowasha chini ya kitovu tu angalia hicho kifungo.

Chakula na dawa za shangazi

Nitapita haraka. Kila ndugu ana orodha yake, usile samaki, usile mayai, usile nyanya, usile nyama ya ng'ombe. Watu wazima wengi chakula hakihusiki. Watoto wachache kweli wana aleji ya chakula, na mara nyingi unaiona, midomo kuvimba, kutapika, vipele dakika chache baada ya kula. Kama huoni hayo usimnyime mtoto mayai na maziwa kwa kukisia, utampunguza uzito na ngozi itabaki ilivyo.

Mwarobaini, majivu, spiriti, ndimu, hapana. Ndimu hasa, ukiipaka ukatoka juani unaungua kabisa, unabaki na doa miezi. Kuoga na jiki hospitali huwa wanashauri baadhi ya wagonjwa lakini kipimo chake ni kidogo mno kwenye maji mengi na jiki hazilingani ukali, usikisie kwenye beseni.

Watu

Haiambukizi. Sema hivo hivo bila aibu kwa mwalimu, kwa dada wa kazi, kwa mama mkwe, kwa kinyozi. Shuleni mwandikie mwalimu kwamba mtoto aruhusiwe kupaka mafuta mchana, asikae dirishani kwenye jua, na asichapwe kwa kujikuna darasani. Na kuna wanaokuangalia wakidhani ni virusi, huna deni la kumweleza kila abiria.

Kukimbia hospitali

Majimaji ya njano yanayoganda, usaha, sehemu inauma kuliko inavyowasha, homa, mitoki, hapo vijidudu vimeingia na unahitaji dawa ya kumeza, nenda siku hiyo au kesho yake. Kuna moja haingoji kesho: vidonda vidogo vya mviringo vinavyofanana, kama vimetobolewa, vinaongezeka haraka usoni au mwilini, vinauma, na mgonjwa ana homa na amelegea. Hivyo ni virusi vya herpesi, vile vya vidonda vya mdomo, vimesambaa kwenye ngozi ya ekzema, vinahitaji asaiklovia, dawa ya virusi hivyo, mapema, na vikiwa karibu na jicho vinaweza kuharibu kuona. Ndo maana mtu mwenye kidonda mdomoni asimbusu mtoto mwenye pumu ya ngozi, hata awe babu yake. Ukifika waambie moja kwa moja kwamba mgonjwa ana ekzema na vidonda vimetokea ghafla, na beba tyubu zote alizokuwa anapaka, hata zile unazoona aibu kuzitaja.